Niko na Bwana

Sufuria yangu ya pilau ilikuwa kubwa hivi kwamba siku moja mbuzi aliingia humo mzima, akazunguka akitafuta mlango, nami nikamsubiri nje na mwiko mpaka akakata tamaa. Anayebisha na abishe. Sufuria hiyo ilinifikisha katika kila harusi ya Waislamu wa Nakawa, Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi. Ndiyo iliyoniweka pia, siku ninayoisimulia, mahali hasa panaposikika kila kitu: uani kwa Sheikh Sadiq, kati ya mlango wa jikoni na dirisha la sebule. Nyuma wanawake, mbele wanaume, katikati mimi na moshi wangu.

Nyumba ile ilikuwa na pazia la kijani. Sheikh Sadiq, ambaye babu yake alikuja Buganda na msafara wa pembe akitokea pwani, kisha akasahau njia ya kurudi, alifundisha dini mbele ya pazia kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula. Nyuma ya pazia walikaa wanawake, na wengi wao Kiswahili hicho kiliwapita juu ya vichwa. Ndipo dada yake, Hajara, alipokuwa na kazi. Sheikh anasema sentensi, anatulia. Hajara anaigeuza kwa Luganda. Sheikh anaendelea.

Ila sentensi za Sheikh zilikuwa zikifika upande wa pili zimenenepa.

"Dada, mimi nimesema mke amtii mumewe. Maneno matatu. Wewe umesema mpaka chai yangu imepoa."

"Luganda ni lugha ndefu, kaka."

"Na kicheko je? Mimi sikusema jambo la kuchekesha."

"Hicho ni cha kwao. Sikukitafsiri."

Siku moja nilimsikia akiwaeleza neno kuolewa. "Kiswahili," aliwaambia, "kinasema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, kama gunia linavyobebwa. Sisi hapa tunasema okufumbirwa. Hebu lichungulieni hilo neno kwa ndani. Okufumba ni kupika. Basi anayefumbirwa ni yule anayepikiwa. Haya, katika nyinyi nyote, nani ameshawahi kupikiwa?"

Wanawake wote waligeuka wakanitazama mimi uani. Tangu siku hiyo wakaniita mume wa wote, jina ambalo halikumpendeza mke wangu hata kidogo.

Kazi nyingine ya Hajara ilikuwa siku za ndoa. Bibi harusi hukaa ndani, wanaume hukaa mbele, na lazima aende mtu akamwulize kama ameridhika. Alikwenda Hajara. Akirudi alisema neno moja: "Amenyamaza." Na Sheikh, bila kuinua uso, alijibu: "Amekubali." Kimya cha msichana ndiyo idhini yake, ndivyo tulivyofundishwa, kwa kuwa haya humzuia kusema. Mara nyingine, pale nilipokuwa nimesimama, nilisikia mtu akilia ndani ya mto. Lakini kilio hakikuwa na nafasi katika maneno yale. Amenyamaza, amekubali. Walikuwa wamezoea kiasi kwamba Hajara angelisema lake usingizini, Sheikh angelijibu naye yuko usingizini chumba cha pili.

Sasa, Séraphine hakuwa msichana, wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkongomani wa Butembo, muuza vitenge soko la Nakawa, mke wa Kakule fundi redio. Kakule alikuwa akitengeneza redio mpaka zinashika stesheni ambazo hazijajengwa, na pengine hiyo ndiyo iliyomponza. Kabla ya mvua za masika, gari lilisimama mbele ya kibanda chake mchana kweupe, akafunguliwa buti kama abiria mwingine anavyofunguliwa mlango, akaingizwa humo. Soko zima liliona. Soko zima liliendelea kupima maharage.

Neno la kutumia wakati ule lilikuwa "amekimbia." Serikali haikuwa ikimchukua mtu, watu walikuwa wakikimbia wenyewe. Kakule amekimbilia Zaire, ndivyo ilivyosemwa, na wewe ukisema amechukuliwa, kesho yake ungekimbia vilevile.

Kisha akaja Luteni. Jina lake sitalitaja, maana wajukuu zake wananiamkia vizuri. Alikaa mtaa wa Bugolobi, katika fleti ambayo Mhindi wake, alipofukuzwa nchini, aliiacha na mapazia na birika likiwa bado juu ya jiko. Alianza kununua vitenge kwa Séraphine. Mwanamume mmoja, vitenge vya ukoo mzima. Kisha akatuma mchele kwa Sheikh Sadiq, akatuma na sukari, siku ambazo watu walikunywa chai huku wakitaja tu jina la sukari. Pamoja na hivyo, ujumbe: anataka kumwoa yule mama wa vitenge, kwa sheria.

Watu waliuliza kwa nini asimchukue tu, kama alivyoichukua fleti. Mimi nadhani alikuwa amechoka kuchukua. Alitaka mara moja maishani apewe kitu, na mashahidi waone akipewa. Sheikh Sadiq alijua sheria inasemaje. Alijua pia buti ya gari ina giza namna gani. Akapanga iwe Ijumaa, baada ya sala.

Séraphine aliletwa asubuhi na Landrova ya jeshi, akaingizwa chumba cha Hajara kilichopakana na jiko. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu. Masikio yangu enzi zile yalikuwa yanasikia sisimizi akikohoa.

"Bataniuliza nini?" Séraphine alimwuliza Hajara, kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Kama umeridhika. Mimi ndiye nitakayekuja kukuuliza, kisha nipeleke jibu."

"Basi jibu njo hii, mama. Niko na bwana. Upeleke vile vile. Banasema wewe unaongezaka."

"Nani anasema?"

"Bamama ya soko."

Hajara alicheka kwa pua, kisha akaacha. "Nisikilize, mwanangu. Kwenu bwana ni mume. Kule mbele, bwana ni yule atakayekaa na bastola kiunoni. Akiingia tu ni bwana karibu, bwana kaa hapa, bwana sogea kivulini. Nikimpelekea hilo la niko na bwana, atasikia kwamba uko naye yeye."

"Basi nitanyamaza."

"Ukinyamaza, kaka yangu atasema umekubali kabla sijafunga mdomo. Kwa haki, mwanamke aliyekwisha kuolewa husema kwa ulimi wake. Lakini leo na sheria nayo inaogopa kama sisi."

Vitunguu vyangu vilianza kubadilika rangi. Sikuvigusa.

"Iko njia moja," Hajara akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kwetu mjane anakaa eda. Miezi minne na siku kumi haolewi, haposwi, hakai na wanaume. Luteni anataka ndoa ya mashahidi. Hataweza kulivunja hilo mbele yao. Niruhusu niseme wewe ni mjane, na kwamba habari umeipata juzi."

"Mujane wa nani?"

Nilisikia Hajara akisogea karibu.

"Mama, Kampala yote imekwisha kumuzika Kakule kwa macho. Nikipita kwa soko banainamisha kichwa. Miye njo mutu wa mwisho mwenye kusema iko. Nikisema haiko, atabakia wapi?"

"Atabaki pale alipo. Neno halimuui mtu."

"Kwa inchi hii?"

Nilisikia kitanda kikilia. Hajara alikuwa amekaa. Mwishoni akasema, "Haya. Nitapeleka maneno yako yalivyo. Sitamfanya marehemu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Luteni alifika na askari wawili wa kuwa mashahidi. Alivaa suti ya kahawia iliyotoka katika kabati la yule Mhindi, na huyo Mhindi alikuwa mwembamba. Kila alipovuta pumzi, vifungo vilituomba msaada. Alikaa mkekani, akachomoa bastola, akaiweka karibu na msahafu.

"Shehe, mimi iko nataka bibi kwa sheria," alisema. "Si kwa bunduki."

"Alhamdulillahi, bwana," alisema Sheikh Sadiq, akitazama bastola.

"Yule bwana yake ya zamani alikimbia. Alitupa yeye. Sasa yeye iko huru."

"Ndiyo, bwana. Dada, nenda kamwulize."

Hajara alipita pazia, nyuma yake Séraphine akisubiri. Nilimsikia akiuliza, nikasikia na jibu, maneno yale matatu tu, bila kutetemeka. Hajara akarudi, akasimama mbele ya wanaume, mkono mmoja bado umeshika ukingo wa pazia. Hakusema kitu. Mimi nilijua kwa nini. Alikuwa ameapa kuyapeleka yalivyo, na yalivyo yalikuwa mtego.

"Amenyamaza?" Sheikh akamsaidia. Lile neno lake lilikuwa tayari limefika kwenye meno.

"Hakunyamaza. Amesema."

"Nasema nini?" Luteni akauliza. "Wewe mama, leta maneno. Mimi nakaa hapa kama mufungwa."

"Ni maneno yake, na ni vigumu kuyabeba."

"Basi asibebewe. Aseme mwenyewe. Mimi ni muswahili, mimi nasikia." Akageukia pazia, akalainisha sauti kama mtu anayeita kuku. "Mama Serafina. Sema, mimi nasikia."

Pazia lilitikisika kidogo. Sauti ya Séraphine ikatoka wazi, kila neno peke yake.

"Niko. Na. Bwana."

Luteni alifunguka uso mzima. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile na sijapenda kuona tena. Kifungo kimoja cha suti kiliruka kikaingia katika mchele wangu wa akiba. Nilikula harusi tatu baada ya hapo nikikitafuta. "Umesikia, Shehe? Yeye iko na mimi. Yeye mwenyewe nasema." Askari wakapiga makofi. Sheikh akasafisha koo aanze hotuba ya ndoa.

"Sijamaliza kutafsiri," Hajara akasema.

"Kutafsiri nini? Yeye nasema Kiswahili."

"Ndiyo."

"Na mimi iko naongea Kiswahili."

"Ndiyo, bwana."

"Sasa wewe natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili?"

"Kiswahili kwa Kiswahili," alisema Hajara. "Kwao bwana ni mume. Amesema ana mume. Hakukutaja wewe."

Makofi yalikufa mkono mmoja baada ya mwingine. Sheikh Sadiq aliinamisha kichwa mpaka ndevu zikagusa kifua. Mimi nilipunguza moto, ingawa pilau haikuhitaji.

"Mume gani?" Luteni akauliza, polepole sasa. "Mimi nilisema. Alikimbia."

Hapo Hajara angeweza kukaa chini. Alikuwa amefikisha neno alilopewa, na zaidi ya hapo hakutumwa. Lakini nilimwona anautazama ule mkono wa Luteni uliokuwa unateleza mkekani kuelekea kwenye msahafu, na sidhani ulikuwa unautafuta msahafu.

"Bwana mkubwa, unataka sheria, nasi tunakuheshimu kwa hilo," alisema. "Basi sheria ni hii. Kama Kakule alikimbia, yu hai, na talaka hakutoa. Huyu ni mke wa mtu, haolewi. Kama Kakule amekufa, huyu ni mjane, na lazima akae eda kwanza. Sisi hapa hatujui ni lipi. Wewe ni mtu wa serikali. Tuambie: yu hai, au amekufa?"

Luteni alifungua mdomo. "Alikimb—" akasema, kisha akaona neno hilo linampeleka wapi, akalimeza. Aliwatazama askari wake. Wao waliutazama mkeka. Angesema yu hai, amemrudishia Séraphine mume mbele ya mashahidi. Angesema amekufa, angeulizwa lini, wapi, na nani aliona. Sote tulisubiri. Sufuria yangu iligugumia. Yeye hakusema kitu.

Hajara akageuka kwa kaka yake. Sijui kama alikusudia au ulimi ulikwenda wenyewe njia iliyozoea.

"Amenyamaza," alisema.

Na Sheikh Sadiq, bila kuinua uso, akajibu: "Amekubali."

Kisha akausikia mdomo wake mwenyewe. Alinyanyua kichwa, akamtazama dada yake, akatutazama sote. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na swali la Hajara lilikuwa limeishia kwenye amekufa. Mzee mmoja wa msikiti, aliyekaa karibu na mlango, akasema taratibu yale maneno yanayosemwa mtu akifa, na wengine wakamfuatisha, kwa mazoea tu.

Nyuma ya pazia sikusikia kilio. Nilisikia kitambaa kikiburuzwa ukutani, mtu akiteleza kwenda chini, taratibu, kama anayekalishwa.

Luteni aliinuka, akairudisha bastola kiunoni. Sheria alikuwa ameitaka mwenyewe, na mashahidi aliwaleta mwenyewe. "Nitarudi eda ikiisha," alisema. Mlangoni akakumbuka mchele wake. Askari walibeba gunia la sukari, halafu wakaja uani wakaibeba sufuria yangu, pilau ikiwa nusu mbichi na moto tele, wakaipandisha Landrova pamoja na mwiko wangu. Nasikia iliwahudumia miaka mingi kambini, na kwamba siku moja walilala humo kuikwepa mvua, kikosi kizima. Hilo sikuliona kwa macho.

Séraphine alikaa eda katika nyumba ya Sheikh, yeye Mkatoliki, katika nguo nyeupe za kuazima ambazo hakuziomba. Nguo zile zilimlinda kuliko ukuta. Askari walipita barabarani, wakapunguza mwendo, wakaendelea. Wanawake wa darasa walimletea uji na kumpa pole kwa Luganda, naye alipokea uji tu. Kwa Hajara hakusema kitu. Aliletewa chakula na Hajara, alinyooshewa nguo na Hajara, na hakumwambia hata asante. Chumba kimoja, vitanda viwili, na kimya ambacho hakuna aliyethubutu kukigeuza kuwa lugha yoyote.

Mvua zilipokaribia tena, wauza vitenge wenzake walipata nafasi katika basi la kwenda mpakani Mpondwe, njia ya Zaire. Alitolewa kupitia jikoni, ndani ya buibui la Hajara. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kudai sufuria kwa mtu asiyekuwa nayo. Séraphine alisimama mlangoni, akafunua uso.

"Mama. Siku ile yule alinyamaza juu ya nini? Juu alijua, ao juu hakujua?"

"Sababu yake siijui, mwanangu."

"Kwa kweli?"

"Kwa kweli. Nilimwona amenaswa. Mtu aliyenaswa hunyamaza hata kama hajui lolote."

"Lakini ulipeleka kimya yake, bakaipatia maana. Kama basichana yenu."

Hajara alishika fremu ya mlango. "Nilitaka usiende Bugolobi."

"Sikuenda," Séraphine alisema. "Njo vile. Sikuenda." Alirudisha buibui usoni. "Siku Kakule akikuya kuniuliza, umwambie wewe. Miye sina maneno."

Eda iliisha, na Luteni hakurudi. Fleti ya Bugolobi ilipata mwenyeji mwingine, naye akakuta birika juu ya jiko. Tulipouliza Luteni yuko wapi, tuliambiwa amekimbia. Tulilijua neno hilo. Kwa hiyo aliyejua, kama alijua, alikwenda na jibu lake.

Ijumaa iliyofuata kuondoka kwa Séraphine, Sheikh Sadiq alikaa mbele ya pazia lake, akasema sentensi ya kwanza, akatulia kumpisha dada yake kama miaka yote. Hajara alikuwepo, nilimwona kupitia mlango wa jikoni, amekaa kati ya wenzake, mikono juu ya magoti. Hakufungua mdomo. Sheikh alisubiri, akakohoa, akaendelea kwa Kiswahili, na Kiswahili kikawapita juu ya vichwa kikatoka dirishani kikanikuta mimi, nisiyekuwa na haja nacho.

"Maama," mwanamke mmoja alimnong'oneza Hajara kwa Luganda, "amesema nini?"

"Mwulize mwenyewe."

"Mimi? Kwa Kiswahili gani?"

"Ulicho nacho."

Yule mwanamke alikaa akifikiri. Kisha akasogelea pazia, akalitazama kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake.

"Shehe," aliita, "wewe nasema nini?"

Upande wa pili, Sheikh Sadiq alinyamaza. Wanawake wote walimgeukia Hajara wapate kujua kimya hicho kina maana gani. Hajara alitikisa kichwa kukataa, akatazama mlango wa jikoni, ule aliotokea Séraphine akienda zake, akaendelea kuutazama.